Mtoto wa gemu ajenge uwanja wa gofu juu ya Ufipa

Likizo ikifika, ugomvi katika nyumba nyingi ni ule ule. Mtoto yuko kwenye simu, mzazi anamwambia aiweke chini, mtoto anaomba dakika tano nyingine. Simu inachukuliwa, na kesho yake mambo yanaanza upya. Hata hivyo, mtoto anayecheza gemu si sawa na mtoto anayeitengeneza. Mzazi akiijua tofauti hiyo, ugomvi unaweza kugeuka kuwa kazi ya maana.

Kazi moja ya namna hiyo ni kubuni uwanja wa gofu wa milimani ndani ya gemu. Jambo hili si geni. Mwaka 1986, gemu ya Mean 18 ilikwisha kumpa mchezaji nafasi ya kuchora viwanja vyake mwenyewe, na PGA Tour 2K21 ya mwaka 2020 ina sehemu maalumu ya ubunifu. Mtoto si lazima awe amewahi kushika fimbo ya gofu. Anahitaji milima anayoifahamu, na kwa familia za Sumbawanga milima iko mlangoni.

Ardhi ni mwalimu

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, pembeni ya milima ya Mbizi. Mashariki, ardhi inakatika kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kushuka hadi Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita 800 hivi. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika. Kusini, mpakani na Zambia, maporomoko ya Kalambo yanaanguka zaidi ya mita 200.

Anayeanza kubuni hupenda kuweka kila shimo ukingoni mwa genge ili picha ipendeze. Akijaribu kucheza, mpira hausimami. Grini, yaani sehemu ya majani mafupi yenye shimo, haitakiwi kuinama kupita kiasi. Mahali penye shimo, mteremko wa sentimita mbili au tatu kwa kila mita unatosha. Ukizidi sana, mpira unaporomoka hadi chini.

Kwa hiyo mtoto analazimika kutafuta ngazi za asili mlimani, sehemu tambarare kati ya miteremko. Hapo ndipo mistari ya kontua, ile inayowachosha wanafunzi wa sekondari kwenye somo la Jiografia, inapopata maana. Ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, hapo pana nafasi ya kuweka grini.

Hesabu nayo ipo. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo mpira huenda mbali zaidi. Kanuni wanayoitumia wachezaji wengi ni nyongeza ya asilimia mbili hivi kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Sumbawanga hiyo ni asilimia 12. Mkwaju wa mita 200 ufukweni Dar es Salaam ungefika mita 224 Ufipa. Mtoto akisahau nyongeza hiyo, mpira utavuka grini na kupotelea bondeni. Hata wachezaji wa kulipwa wanaokwenda Nairobi kwenye mashindano ya Kenya Open, jiji lililo kwenye mita 1,700 hivi, hulazimika kupiga hesabu hiyo.

Setilaiti haioni kila kitu

Mbunifu wa gemu anaweza kuanza na ramani ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani. Februari 2000, chombo cha Marekani cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima milima na mabonde kwa rada. Mwaka 2014 Marekani ilipoanza kutoa bure vipimo vya kina zaidi vya kazi hiyo kwa nchi nyingine, ilianza na Afrika. Ufipa imo.

Lakini katika ramani hiyo, kila kipimo kinawakilisha mraba wa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Grini ya kawaida ina kama mita za mraba 500. Grini nzima inaweza kumezwa na kipimo kimoja, na vile vibonde vidogo vinavyoupindisha mpira havionekani kabisa.

Dawa yake ni kutoka nje. Mtoto achukue kamba, vijiti viwili na pimamaji ya fundi ujenzi, apande kilima cha karibu akiwa na mtu mzima, apime mteremko na kuuandika kwenye daftari. Aangalie pia upepo unatoka wapi wakati wa baridi ya Juni na Julai, kwa sababu kwenye nyanda zenye miti michache upepo ni sehemu ya mchezo. Hii ni gemu inayomtoa mtoto kwenye kochi.

Uwanja usiomnyang'anya mtu shamba

Uwanja halisi wa mashimo 18 huchukua zaidi ya ekari 100, na unahitaji maji mengi. Ufipa, ekari hizo ni mahindi, maharage na ulezi wa watu. Msitu wa Mbizi nao ni chanzo cha maji na makazi ya mbega wekundu. Ndani ya kompyuta hakuna anayehamishwa, lakini mzazi anaweza kumuuliza mtoto kama angekuwa anajenga kweli: nani analima hapo? Maji yatatoka wapi? Msitu utabaki?

Anaweza pia kumkumbusha kuweka alama za kwao. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma kwenye tanuri za udongo zilizozidi kimo cha mtu. Tanuri moja kando ya njia ya mpira itamfanya mchezaji wa mbali aulize ni nini, na mtoto atalazimika kujua jibu, pengine kwa babu au bibi.

Mzazi aangalie nini

Aanze na shimo moja, si 18, na alichore kwanza kwenye karatasi ya miraba. Programu za Godot na Blender hazilipiwi, ila kompyuta inafaa zaidi kuliko simu. Kwa gemu za kununua, mzazi asome alama ya umri, afunge manunuzi kwa namba ya siri na azime mazungumzo na watu wasiojulikana.

Muda upangwe kabla, si katikati ya ugomvi. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtoto kushindwa kujizuia, kuipa gemu nafasi ya kwanza kuliko mambo mengine yote, na kuendelea hata inapomdhuru. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa miezi 12. Mtoto wa namna hiyo hahitaji uwanja wa gofu, anahitaji msaada wa daktari.

Kwa wengine, kipimo ni rahisi. Mzazi akae na mtoto, acheze hilo shimo moja, kisha aulize: "Kwa nini mtego wa mchanga umeuweka hapa na si pale?" Mtoto mwenye jibu anajifunza kazi. Asiye nalo arudi kilimani na kamba yake.