KISU CHA KUKUNJA

Ndugu mkulima, hapa Mpanda kisu kizuri cha kukunja ni adimu. Ukikiona mnadani, usiharakishe kulipa.

Mimi niliharakisha. Siku moja nilikuwa nikikata kamba za tumbaku, kisu kikajikunja. Kovu ninalo kidoleni.

Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Lakini jina peke yake halitoshi. Hata bati huweza kugongwa jina.

Kwa hiyo kijaribu. Kifungue. Je, kinachezacheza? Kiache. Kama kina pete mgongoni, pete hiyo huvutwa kulegeza kizuizi ili kisu kikunjwe. Sasa shika mpini ubavuni, vidole mbali na makali. Gonga mgongo wa kisu polepole juu ya ubao. Muuzaji akinuna, mwache anune. Kikijikunja, mrudishie.