Kivinjari kikigoma baada ya toleo jipya, usikimbilie kupiga Windows

Na Mwandishi Maalum, Karambi

TAREHE 15 ya kila mwezi ni tarehe ngumu kwa mfanyabiashara wa Uganda aliyesajiliwa kulipa VAT, au mwenye wafanyakazi wanaokatwa kodi ya mshahara. Ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka URA hesabu za mwezi uliopita, na hesabu hizo hupelekwa kwa mtandao. Anayechelewa anajiandalia faini.

Sasa chukulia kwamba siku hiyo unafungua kompyuta yako hapa Bwera au Mpondwe, na kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Firefox, Edge au Opera, kinakuambia kimejiboresha usiku. Unabofya ukurasa wa kodi, haufunguki. Unabofya tena, unaona maandishi mekundu ya onyo. Jana kilikuwa kizima, leo kimegoma. Utafanya nini?

Wengi wetu hukimbilia kwa fundi, na fundi mwenye haraka ana dawa moja tu kwa kila ugonjwa: kupiga Windows upya. Kompyuta inarudi ikiwa safi kweli, lakini orodha ya wadeni, picha za stakabadhi za kahawa na vitenge, na maneno ya siri yaliyohifadhiwa vyote vimekwenda. Kwa sisi tuliorudi nyumbani tukiwa na vyeti vya shule vya nchi nyingine, nakala iliyopotea huenda ikawa ndiyo iliyobaki peke yake.

Makala haya yanaonyesha namna ya kutafuta ubovu hatua kwa hatua kabla ya kumpa mtu pesa.

Kwa nini toleo jipya huleta matata

Chrome na Firefox hutoa toleo kubwa jipya kila baada ya wiki chache. Matoleo hayo yana faida, kwa sababu huziba matundu ambayo wezi wa mtandao wameyagundua. Kukataa kabisa kuboresha ni sawa na kulala mlango wazi ukiogopa bawaba kupiga kelele.

Tatizo ni kwamba kivinjari hakiishi peke yake. Ndani yake tumebandika viongezi, vile vijiprogramu vidogo ambavyo Chrome ya Kiswahili huviita viendelezi: cha kuzuia matangazo, cha kutafsiri, cha kupakua video, cha VPN. Viongezi vingi hutengenezwa na watu wengine, si wenye kivinjari. Kivinjari kikibadilishwa, kiongezi kilichoandikwa kwa mtindo wa zamani hukwama, na mara nyingine hukwamisha ukurasa mzima.

Mifano ipo. Tarehe 14 Novemba 2017 Firefox ilitoa toleo la 57, na viongezi vyote vya mtindo wa kale vikaacha kufanya kazi. Kati ya 2024 na 2025 Chrome nayo ilizima viongezi vya mfumo wake wa zamani, kikiwemo uBlock Origin, kizuia matangazo kilichopendwa na wengi. Aliyekitaka alibaki na njia mbili: kuhamia Firefox, ambako kiliendelea, au kutumia ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite.

Mkasa wenye funzo kubwa zaidi ni wa usiku wa kuamkia 4 Mei 2019. Cheti cha usalama ambacho Firefox ilikitumia kuthibitisha viongezi kiliisha muda, na duniani kote viongezi vikazimika kwa pamoja. Hakuna mtumiaji aliyekosea. Mozilla, wenye Firefox, walianza kusambaza dawa siku hiyo hiyo, na toleo la 66.0.4 likafuata. Waliwasihi watu wasifute viongezi vyao, kwa kuwa anayefuta hupoteza na kumbukumbu zilizomo. Wengi waliosubiri walirudishiwa viongezi vyao; waliofuta kwa hasira walianza upya.

Wiki ya Januari 2021

Kwa Uganda hakuna wiki iliyochanganya watu kama ile ya uchaguzi wa 14 Januari 2021. Kwanza, Adobe walikuwa wamemaliza kuihudumia programu ya Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari wakaizuia kabisa. Kurasa zilizotegemea Flash zikabaki na kisanduku kitupu. Pili, tarehe hiyo hiyo 12 Januari mitandao ya kijamii ilifungwa nchini kwa amri ya serikali. Tatu, jioni ya tarehe 13 intaneti yote ilikatwa, ikarudi tarehe 18 huku Facebook ikibaki imefungwa.

Mtu mmoja kwenye kompyuta moja angeweza kukutana na mambo yote matatu, na yote yangeonekana kwake kama kitu kimoja: ukurasa haufunguki. La kwanza lilikuwa la programu. La pili na la tatu yalikuwa ya njia, na kupiga Windows upya kusingesaidia hata chembe. Ndiyo maana swali la kwanza kujiuliza ni hili: ubovu uko wapi? Uko kwenye njia, kwenye tovuti yenyewe, kwenye kivinjari, kwenye kiongezi, au kwenye kompyuta?

Hatua za kufuata

Kanuni ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hata kikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwanza, jaribu tovuti nyingine mbili tatu. Zikifunguka zote isipokuwa moja, huenda tovuti hiyo ndiyo iliyolala. Ijaribu kwa simu yenye laini ya kampuni nyingine. Zisipofunguka zote, tazama bando na mtandao. Sisi wa mpakani tuhakikishe pia kwamba simu inayogawa intaneti haijashika mnara wa ng'ambo ya mto Lhubiriha.

Pili, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Kila tovuti ya usalama ina cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta ikidhani tuko mwaka 2015, itaona cheti cha leo hakijaanza, itakataa na kutoa onyo. Kompyuta ya mezani inayosahau tarehe kila umeme unapokatika mara nyingi imeishiwa betri ndogo ya duara kama sarafu, yenye maandishi CR2032. Hiyo hubadilishwa kwa pesa kidogo.

Hapa mpakani kuna mtego mwingine. Kasindi iko nyuma ya Bwera kwa saa moja. Mashine iliyoletwa kutoka Beni au Butembo huwa imewekewa ukanda wa saa wa Kongo. Mwenyewe akiona saa imechelewa anasogeza tarakimu mbele, akiuacha ukanda vilevile. Saa inaonekana sawa machoni, lakini kwa hesabu ya dunia mashine sasa imetangulia saa nzima, na programu zinazotoa namba za siri za muda mfupi zitakataliwa. Kwa hiyo rekebisha ukanda kwanza, uweke Kampala au Nairobi, ndipo utazame saa.

Tatu, funga kivinjari chote, kifungue tena. Toleo jipya mara nyingi hukaa nusu ndani, nusu nje, mpaka kivinjari kifungwe kabisa. Kisha pakia ukurasa upya kwa Ctrl+F5, ili kivinjari kiache nakala ya zamani na kuchukua mpya.

Nne, fungua dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Katika dirisha hili viongezi huwa vimezimwa isipokuwa vile ulivyoviruhusu, na kumbukumbu za zamani za tovuti hazitumiki. Ukurasa ukifunguka hapo, umepata fununu kubwa: mkosaji ni kiongezi au kumbukumbu hizo.

Tano, futa kumbukumbu za muda kwa Ctrl+Shift+Delete. Wenye kibodi ya Kifaransa wasihangaike: Delete imeandikwa Suppr, na Shift ina mshale unaotazama juu. Chagua kufuta faili za muda na vidakuzi. Usiweke alama kwenye maneno ya siri! Ukifuta vidakuzi utatakiwa kuingia upya kwenye kila tovuti, kwa hiyo hakikisha unayakumbuka maneno hayo.

Sita, zima viongezi. Ukiwa navyo 8, usizime kimoja kimoja. Zima 4, jaribu. Ubovu ukiisha, mkosaji yumo katika hao 4. Usipoisha, yumo katika wengine. Gawa tena nusu, kisha nusu. Kwa majaribio 3 utamkamata. Kumbuka kuzima, si kufuta. Lile la Mei 2019 lisikupite. Firefox ina njia ya mkato: shikilia Shift huku ukibofya alama yake, na itakuuliza kama uifungue bila viongezi.

Saba, yote yakishindikana, rudisha kivinjari katika hali yake ya mwanzo. Kwa Firefox andika about:support pale juu pa anwani, utaona kitufe cha kuisafisha. Kwa Chrome ingia kwenye vidoti vitatu vya juu kulia, kisha mipangilio, kisha sehemu ya kurejesha upya. Njia zote mbili hukuachia alama za kurasa na maneno ya siri, ila viongezi huondolewa au kuzimwa. Hiyo ni nafuu kubwa kuliko kupiga Windows.

Dirisha lisilotokea

Kuna ubovu mmoja unaofanana na mgomo lakini sio. Tovuti nyingi za kodi na za benki hufungua stakabadhi katika dirisha jipya. Kivinjari, au kiongezi cha kuzuia matangazo, hudhani ni tangazo na kulizuia. Wewe unabofya mara kumi, hutokewi na kitu. Tazama mwisho wa kisanduku cha anwani: mara nyingi kuna alama ndogo inayosema dirisha limezuiwa. Ibofye, iruhusu tovuti hiyo moja, basi.

VPN za bure

Tangu kodi ya Sh 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii ilipoanza 1 Julai 2018, Waganda wengi walijifunza VPN. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikachukuliwa nafasi na ya asilimia 12 kwenye bando, lakini VPN nyingi zimebaki ndani ya vivinjari vyetu.

VPN huifanya tovuti ikuone kana kwamba uko nchi nyingine. Benki ikiona mteja wa Bwera ameingia kutoka Ulaya, ina haki ya kushtuka na kufunga mlango. Aidha, VPN iliyoondolewa vibaya inaweza kuacha mipangilio ya proksi kwenye Windows, na kivinjari kikaendelea kutafuta njia ambayo haipo tena. Ukiona kila tovuti imekataa ilhali bando lipo, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uzime proksi.

Na cha bure kina bei yake. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Hola, VPN ya bure iliyotumiwa na mamilioni, ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine. Bando unanunua wewe, anayelitumia humjui.

Kompyuta kukuu na masasisho ya uongo

Kompyuta nyingi zinazofika kwetu ni za mtumba, na baadhi bado zina Windows 7. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 ni la 109, la Januari 2023. Kwa Firefox ni la 115, la Julai 2023. Mwenye Firefox kukuu kuliko hilo alionja joto lingine tarehe 14 Machi 2025, cheti kingine kilipoisha muda na viongezi vikaanza kusumbua. Hapo hakuna ujanja wa kubofya utakaosaidia sana. Kinachotakiwa ni Windows mpya zaidi au mashine nyingine.

Tuwe macho pia na ukurasa unaoruka ghafla ukisema kivinjari chako kimepitwa na wakati, bofya hapa. Usibofye kamwe. Toleo la kweli hutafutwa ndani ya kivinjari chenyewe: Chrome kwenye vidoti vitatu, Firefox kwenye mistari mitatu, kisha msaada, kisha maelezo kuhusu programu. Alama hizo ni zile zile hata mashine ikizungumza Kifaransa. Nalisema hili kwa ndugu tuliosoma uhamishoni, ambao tulijua mashine kwa lugha moja na tumerudi kuikuta kwa lugha nyingine.

Usipoziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki moja kabla ya tarehe 15, fungua kivinjari chako, kiache kijiboreshe wakati bando la kutosha lipo, kisha ujaribu kuingia kwenye ukurasa wa kodi. Weka kivinjari cha pili kisicho na kiongezi hata kimoja, kwa ajili ya kodi na benki tu. Andika maneno ya siri kwenye daftari linalofungiwa kabatini, na kila Ijumaa nakili hesabu na vyeti kwenye fleshi isiyokaa kwenye kompyuta.

Na ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda ukiwa na maelezo: kivinjari gani, toleo la ngapi, kiongezi gani ulikizima, onyo lilisema nini neno kwa neno. Akikuambia dawa ni kupiga Windows, muulize kwanza kama ametazama saa.