Katuba: kitu cha zamani saloni, na habari yake

Mvua ikikatika Lubumbashi, kati ya Aprili na Mei, nyumba nyingi za Katuba hubadilika sura. Magodoro na viti vinatolewa juani, kuta zilizoloa zinakauka na kupakwa rangi, na watu wanajipanga kwa miezi ya baridi na vumbi. Ni wakati huo pia ambapo mama au papa wa nyumba anaangalia saloni yake na kusema hapa panakosa kitu. Kabati jipya la dukani linaomba dola mingi. Basi wengi wanaelekea kwa wauzaji wa vitu vya okazyo: kiti, meza, kioo, taa, redio ya zamani, sahani za kuning'iniza ukutani.

Kupamba nyumba kwa vitu vilivyokwisha kutumika si aibu, na si jambo la kuiga kutoka kwa wengine. Katuba ina historia yake ya vitu hivyo. Shida ni kwamba watu wengi wananunua bila kuchunguza, na wengine wanauza kwa haraka kitu ambacho familia haitakipata tena.

Vinatoka wapi

Vitu vya zamani vinavyozunguka katika komini vina njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni Bulaya. Viti, friji na vyombo vilivyotumika Ulaya vinafika kwa kontena kupitia bandari kama Dar es Salaam, vinapita Zambia, vinaingia Kasumbalesa, kisha vinasambazwa mjini.

Ya pili ni nyumba za watu wa kazi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na baada ya kutaifishwa mali yake ikawa ya Gécamines. Kwa miaka mingi, mtu aliyekuwa na kazi ya kampuni aliweza kununua kabati la mbao nzito, mashini ya kushona, kinga (baiskeli), gramofoni. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara. Mzee akikosa kazi, saloni ndiyo inaanza kupungua: leo redio, kesho mashini, keshokutwa kabati.

Ya tatu ni njia ya uchungu. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Walipanda treni na walichoweza kubeba. Vingine viliuzwa kwa bei ya bure, vingine viliachwa nyuma. Kwa hiyo kabati zuri la miaka ile linaweza kuwa limepita katika machozi ya mtu. Kulijua hilo hakumzuii mtu kununua, lakini kunamfundisha kuuliza kabla ya kusifu bei.

Ukuta ulikuwa na neno lake: ukumbusho

Katuba yenyewe ilijengwa kuanzia karibu na mwaka 1950, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Familia nyingi zilipata mkopo wa kujenga kupitia mfuko uliojulikana kama Fonds Grévisse. Baba aliyemaliza nyumba yake ya matofali alitaka ukuta wa saloni useme kitu.

Ndipo picha za kuchora zikaingia. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa Katanga walichora kwa wingi kwa ajili ya saloni za watu wa kawaida, mara nyingi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Picha fulani zilirudiwarudiwa: Mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na Colonie belge, mfungwa anapigwa fimbo na askari mweusi mbele ya msimamizi Mbelgiji, bendera iko juu. Mtu aliyeitundika hakutaka tu rangi ukutani. Mtoto akiuliza yule anapigiwa nini, mzee alipata nafasi ya kusimulia. Picha za namna hiyo, wachoraji na wenye nyumba waliziita ukumbusho.

Mmoja wa wachoraji hao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha karibu 100 za historia ya nchi, akamweleza kila moja mtafiti Johannes Fabian. Leo mfululizo huo umehifadhiwa Amsterdam, Uholanzi. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha ambazo jirani alizinunua kwa falanga kidogo ili apambe nyumba zimekuwa vitu vya makumbusho.

Mjini pia kuna watu walioelewa thamani hiyo. Mwaka 2000 ulianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Walikusanya masimulizi, picha na vitu vya nyumbani vya wakaaji. Kitabu kilichotoka mwaka 2001 kilibeba neno hilohilo katika jina lake: Ukumbusho.

Kabla ya kutoa falanga

Geuza kitu chini juu. Kabati la mbao halisi, kama mulombwa, linaonyesha mistari ya mti hata nyuma na chini, na ni zito. Lile la maganda ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi linavimba pembeni likipata maji. Mvua ya kwanza ikiingia chini ya mlango, limekwisha. Vuta kila droo. Angalia viungo: vilivyoungwa mbao kwa mbao vinarekebishika kwa seremala, lakini mahali penye misumari iliyopigwa ovyo pana shida iliyofichwa.

Tafuta matundu madogo. Kama chini ya tundu kuna unga mpya mweupe, mdudu bado yuko ndani na anakula.

Uliza kimetoka kwa nani. Kununua kitu ukijua kimeibwa ni kosa la kisheria, na vitu vya shaba na nyaya za umeme ndivyo vinavyoibwa sana hapa kwetu. Kwa kitu cha bei kubwa, andikeni karatasi: jina la muuzaji, la mnunuzi, tarehe, bei, na shahidi mmoja. Muuzaji anayekataa karatasi anakuwa amekujibu.

Kabla ya kuingiza nyumbani

Kiti cha kitambaa kikae nje kwanza. Kunguni wanajificha katika mishono na chini ya mbao. Piga brashi kila mshono na mwagia maji ya moto panapowezekana. Jua la Mei linasaidia kukausha, lakini jua peke yake haliui kunguni wote, kwa hiyo rudia kazi baada ya wiki moja au mbili. Godoro lililotumika ni heri kuliacha kwa muuzaji.

Rangi ya zamani inayobambuka inaweza kuwa na risasi, ile madini inayodhuru akili ya watoto. Usiisugue ikiwa kavu mpaka vumbi lijae nyumba. Ilowanishe kwanza, fanya kazi nje mbali na watoto, kusanya mabaki, kisha paka rangi mpya juu.

Redio au taa ya zamani usiichomeke moja kwa moja ili kujaribu. Waya wake wa ndani unaweza kuwa umekatikakatika, na umeme wetu unapanda na kushuka. Fundi aifungue kwanza. Na kama haitengenezeki, bado inaweza kupamba kabati bila waya.

Sufuria ya shaba inapendeza ikisafishwa kwa limau na chumvi, lakini kama ndani haina tabaka la bati usipikie kitu chenye uchachu kama nyanya, kwa sababu shaba inaingia katika chakula. Sahani ya zamani ya chuma iliyobambuka iende ukutani, isirudi mezani.

Na jambo moja ambalo Lubumbashi lazima irudie kila mwaka: pipa lililobeba dawa za kiwandani au za migodi si la maji, si la unga, hata likioshwa mara kumi. Wengine wanalikata wafanye meza au kiti. Hilo nalo ni hatari, kwa sababu mabaki ya ndani yanaweza kutoa moshi wa sumu au kulipuka wakati wa kukata kwa moto.

Cha kutouza haraka

Kuna siku falanga ya shule au ya hospitali inakosekana, na mtu wa kununua yuko mlangoni. Hakuna wa kumlaumu mzazi anayeuza. Lakini picha ya zamani yenye sahihi ya mchoraji, au msalaba wa shaba uliotoka ardhini, visiende kwa bei ya kwanza. Kwanza onyesha Musée National ya Lubumbashi wakuambie ni nini. Mali za urithi zinalindwa na sheria ya tarehe 15 Machi 1971, na hazitoki nje ya nchi bila ruhusa. Anayekuhimiza uuze leo leo kabla hujauliza, mara nyingi anajua bei usiyoijua.

Kama picha inabaki, itunze. Isioshwe kwa sabuni. Vumbi litolewe kwa brashi laini na kavu. Iwe mbali na moshi wa makala na jua la dirishani. Ukilazimika kuihamisha, usiikunje. Izungushe kwenye bomba pana, rangi ikiwa upande wa nje, ili isipasuke. Usikate pembeni ili ienee katika fremu, kwani jina na mwaka mara nyingi viko pale.

Mwisho, habari ya kitu inapotea upesi kuliko kitu chenyewe. Mashini ya kushona ya nkambo itakaa miaka 50 mingine, lakini anayejua kwamba alijifunza kushona foyer social, na kwamba kwa mashini ile alisomesha watoto wake, anaweza kuondoka mwaka huu. Simu inatosha: mrekodi akieleza, dakika kumi tu. Kisha andika kwenye karatasi jina lake, mtaa, mwaka kitu kilipoingia nyumbani, na uibandike nyuma au chini ya kitu. Hata kikiuzwa siku moja, kiende na karatasi yake, ili atakayekiweka saloni ajue ameweka nini.