Mapera ya Porini Yagandishayo Jamu

Mara nyingi mwanamke mwenye bidii hupika jamu ya mananasi, akatumia sukari ya fedha nyingi na kuni za kutosha, na siku ya pili akifungua chupa hukuta maji matamu tu. Kosa si la mikono yake. Nanasi lina upungufu wa kitu kiitwacho pektini, nacho ndicho kinachoshika maji na sukari pamoja hata vikaganda.

Pektini imo katika mimea, nayo hushikamanisha chembe zake kama udongo ushikavyo mawe ya ukuta. Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeipa jina mwaka 1825, akitumia neno la Kiyunani lenye maana ya kuganda. Viwanda huitoa katika maganda ya machungwa na malimau, na katika makapi ya matofaa. Lakini asiye na kiwanda aweza kuipata juu ya mpera.

Mpera asili yake ni Amerika. Katika Kenya ya magharibi miti mingi ya mapera haikupandwa na mtu: ndege, ng'ombe na watoto hula matunda na kueneza mbegu, nayo huota malishoni na kando ya njia. Katika visiwa vya Galapagos mti huu umekuwa adui, umeisonga mimea ya asili. Msimu ukifika mapera mengi huozea chini, yakawa chakula cha nzi.

Yachumwe mapera yaliyopevuka lakini yangali magumu, kwa maana pektini hupungua tunda likilainika. Yakatwe vipande vyembamba pamoja na maganda na mbegu, yatiwe maji ya kuyafunika tu, na maji ya limau kidogo, kwani pasipo uchachu pektini haitoki vema wala haigandi. Yachemke polepole kwa nusu saa. Kisha yamiminwe katika kitambaa safi juu ya bakuli, yaachwe yadondoke usiku kucha. Asiye na saburi akakikamua kitambaa atapata maji yenye ukungu; hayadhuru tumbo, ila hayapendezi machoni.

Iko njia rahisi ya kuyapima. Kijiko kimoja cha maji hayo, yakiisha kupoa, hutiwa katika vijiko vitatu vya spiriti. Baada ya dakika moja, likitokea donge moja imara, pektini ni nyingi. Vikitokea vipande vipande, ni kidogo, na maji yachemshwe tena yapungue. Donge hilo limwagwe mara moja wala lisionjwe, kwa kuwa spiriti ni sumu.

Kwa kilo mbili za mananasi, kikombe kimoja cha maji mazito ya mapera chatosha kwa kuanzia. Sukari ikiisha kuyeyuka moto uwe mkali na wa muda mfupi, maana pektini ikichemshwa mno huharibika.

Maji hayo yafaa pia kwa tunda la dungusi. Huko Laikipia dungusi limefunika malisho mengi. Miiba yake huumiza vinywa vya mbuzi, na tembo na nyani huzieneza mbegu. Baadhi ya wanawake wa huko hupika jamu ya matunda yake mekundu. Ni matamu lakini hayana uchachu, kwa hiyo huhitaji limau na pektini ya kuongezwa. Kwanza yapitishwe motoni ili vijiiba vidogo kama nywele viungue.

Hata hivyo sufuria za jamu haziwezi kulimaliza dungusi, na itakuwa hasara kubwa mtu akilipanda kwa tamaa ya kuuza matunda. Kipande kimoja kikianguka chini hutoa mizizi. Kwa hiyo mashina hung'olewa na kuzikwa shimoni, na mbegu zinazobaki baada ya kuchuja huchomwa moto, wala hazitupwi jaani.