Mawe ya Manda na macho ya wanaoyakata

MSAFIRI aendaye Lamu kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda, kisha huvuka mkondo kwa mashua hadi mji mkongwe. Huko hustaajabia kuta nene, zidaka za lipu nyeupe na milango ya nakshi. Ni nadra kukumbuka kwamba tangu zamani mawe na chokaa ya kujengea majumba hayo vimekuwa vikitoka kisiwa kile kile alichokipa mgongo.

Upande wa Manda uitwao Maweni, kazi hiyo ingali ikifanywa kwa mikono. Wakata mawe, wengi wao wakiwa watu waliohamia kutoka bara, hupasua mwamba wa matumbawe kwa sururu, mtaimbo na shoka, kisha huuchonga uwe matofali. Vipande vilivyosalia hugongwa kwa nyundo viwe kokoto, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake. Mashua huyabeba hadi Lamu, Shela na kwingineko. Tangu mji wa Lamu ulipotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, ukarabati wa nyumba za kale umetarajiwa kufuata mawe na chokaa, si saruji tupu. Mahoteli ya Shela nayo yanahitaji mawe. Kwa hivyo timbo haliishiwi na wanunuzi.

Hatari ya kwanza ni ukingo wa timbo wenyewe. Mwamba wa chini huwa rahisi kukatwa, na mkataji hushawishika kuula kwa chini hadi juu yake pabaki paa lisilo na nguzo. Mvua ikinyesha, maji hupenya katika nyufa na paa hilo huporomoka bila ilani. Kinga yake haihitaji mashine. Timbo hukatwa kwa ngazi, kuanzia juu kwenda chini, na asubuhi baada ya mvua ukingo hukaguliwa kabla ya mtu yeyote kuketi chini yake.

Watu wengi hudhani vumbi ndilo adui mkuu. Hapa yafaa tutofautishe. Vumbi la mawe magumu kama matale huwa na silika nyingi, na hiyo ndiyo hutia makovu katika mapafu yasiyopona. Mwamba wa matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalisi, na silika yake ni kidogo. Si kusema kwamba livutwe ovyo, kwani hukereketa koo na kuwasumbua wenye pumu. Lakini kwa mgonga kokoto wa Manda, kiungo kilicho hatarini zaidi ni jicho. Kila pigo la nyundo hurusha chembe zenye ncha, na chembe moja yatosha kuchana mboni. Kidonda hicho kikiingia uchafu, uwezo wa kuona waweza kupotea kabisa.

Jicho hilo hilo hukabiliwa na jambo baya zaidi pale mawe yanapogeuzwa kuwa chokaa.

Kwa desturi ya pwani, magogo hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu yake, kisha tanuri hutiwa moto. Joto likifika nyuzi 900 hivi za selsiasi, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali ambayo haijazimwa. Chokaa hiyo ina kiu ya maji. Ikiyapata huchemka na kutoa joto kubwa. Ndiyo maana wajuzi huizima polepole na kuiacha muda mrefu kabla ya kuijengea. Isipopata maji ya ndoo, hutafuta ya jasho, ya pua na ya jicho. Ikishaingia jichoni haichomi mara moja ikaisha, bali huendelea kula ndani kwa ndani, hata baada ya maumivu ya kwanza kutulia. Anayefikicha huisaidia kuzama.

Dawa yake ni maji safi, tena papo hapo. Unga mkavu hupanguswa kwanza, kisha jicho huoshwa likiwa wazi kwa dakika zisizopungua 15, na zaidi kama bado linawasha. Mabomba ya kuoshea macho viwandani hutakiwa kutoa lita 1.5 hivi kwa dakika. Msomaji akipiga hesabu, ataona kwamba ni lita 22 na ushei, yaani mtungi wa lita 20 na kidogo juu yake.

Na maji ndiyo haba katika Manda. Mji wa Takwa, ambao magofu yake yangalipo kisiwani, ulihamwa katika karne ya 17, na uhaba wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Hadi leo wakazi hutegemea mvua inayokusanywa katika majabia na mitungi inayovushwa kwa mashua. Mtu aliyenunua maji kwa shida hatayamwaga usoni bila kusita, na kusita huko ndiko hupofusha. Hospitali ya King Fahd nayo iko ng'ambo, mjini Lamu. Kumkimbiza majeruhi kabla ya kumwosha ni kuiacha chokaa ikifanya kazi yake njia nzima.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyikazi vifaa vya kujikinga, na kifo kinapotokea kazini afisa wa usalama wa eneo hilo ajulishwe katika saa 24. Hata aliyejiajiri ana wajibu chini yake. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, iliyopitishwa mwaka huo huo na kuidhinishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2019 baada ya kesi ndefu, inamlazimu mwajiri kukata bima. Aliyelemaa kabisa, au jamaa za aliyefariki, hulipwa mapato ya miezi 96.

Lakini mwajiri wa Maweni ni nani? Mkata mawe hulipwa kwa idadi ya mawe, si kwa mshahara. Mwenye shamba atasema yeye amekodisha ardhi tu, mwenye mashua atasema ni mchukuzi, na mjenzi wa Shela atasema amenunua jiwe kama anavyonunua misumari. Fidia hudaiwa kwa mwajiri, na asipojulikana, jicho lililopotea halina mdaiwa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, wa kuanza kubanwa ni mnunuzi mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye fedha na ndiye anayeomba kibali cha kujenga. Serikali ya kaunti ingeweza kuuliza, kabla ya kutoa kibali, mawe yatatoka timbo gani na nani anawajibika huko. Wakati huo ukisubiriwa, wakata mawe wenyewe waweza kuchanga kwa kila shehena, wakanunua miwani ya kukinga macho, na kando ya kila tanuri wakaweka mitungi miwili iliyojaa, yenye vifuniko na alama nyekundu, isiyoguswa kwa chai wala kwa kuoga.