Salfa ya Jirani

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Mtawanya, Mtwara, na kwa ninavyoona hakuna kifaa kilichobadili ujirani wetu kama bomba la kupulizia salfa.

Adui tunayepambana naye ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Huingia miezi ya baridi, mikorosho inapochipua na kuchanua, ukafunika majani machanga na maua kwa unga mweupe. Ua likishikwa linanyauka, korosho haitungi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa haukuwa peke yake. Operesheni Vijiji iliwahamisha wazee wetu mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka pori, na bei haikumvuta mtu kwenda kupalilia.

Watafiti wa Naliendele, hapa hapa karibu na Mtwara mjini, walihangaika na salfa, dawa ya kuuzuia ugonjwa huo, na wakazalisha miche bora. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Nawaheshimu sana watu wale.

Ila salfa ina masharti yake. Hupulizwa alfajiri, umande ungali majanini na upepo umetulia, ili unga wa salfa unate. Kisha hurudiwa baada ya wiki mbili tatu. Na ukungu husafiri na upepo. Nikipuliza mimi, jirani asipopuliza, shamba lake linanirudishia ugonjwa. Ufukara wa mmoja umekuwa hasara ya wote tunaopakana naye.

Bomba la injini si la kila mtu. Vijana wanaolibeba wamepata kazi ya msimu, ingawa wengi hufunga kitambaa tu usoni huku salfa ikiwachoma macho na kifua. Mjane asiye na hela husubiri, na maua hayamsubiri. Hapo ndipo kangomba inapomkuta: anauza korosho zingali maua, kwa bei ya kutupa, apate fedha ya kupulizia. Serikali inaikataza, na ni haki. Lakini anayeuza simlaumu.

Miaka ya karibuni pembejeo za ruzuku zinakuja kupitia vyama vya msingi vya ushirika, nasi tumepata nafuu. Bado petroli, bomba na ujira wa mpulizaji. Ningependa chama chetu kinunue mabomba na barakoa, kiyapangie mashamba yanayopakana alfajiri moja, na kianze na la mjane.