Sinema bubu ya majangili: Dakika 17 zilizonusurika

KWA msafiri aliyeipitia barabara ya Lodwar kwenda Kakuma katika enzi za misafara, magari yalipolazimika kusubiriana ili yaondoke pamoja chini ya ulinzi wa polisi wenye bunduki, jangili si mtu wa hadithini. Ni mtu aliyeweza kuchomoza ghafla kutoka kwenye migunga ya kando ya barabara, na dereva akakanyaga mafuta huku abiria wakilala sakafuni.

Ndiposa mkazi wa Turkana anapoitazama sinema ndefu iliyo kongwe kuliko zote duniani, ambayo imetokea kuwa sinema ya majangili, huitazama kwa jicho ambalo mtazamaji wa Melbourne au London hana.

Sinema yenyewe ni The Story of the Kelly Gang, yaani kisa cha genge la Kelly. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1906 katika ukumbi wa Athenaeum, jijini Melbourne, Australia. Mwelekezi wake alikuwa Charles Tait, na familia yake ilishirikiana na Millard Johnson na William Gibson kuitengeneza. Ilichukua zaidi ya saa moja, katika zama ambapo sinema nyingi zilimalizika kabla mtazamaji hajakaa vyema kitini. Mwaka 2007, shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia kwa kuwa ndiyo filamu ya kwanza ya kisa kirefu. Katika saa hiyo nzima, kilichosalia leo ni takriban dakika 17.

Ned Kelly alikuwa nani? Alikuwa mwana wa familia fukara ya asili ya Ireland, iliyoishi kaskazini mashariki mwa koloni la Victoria. Alianza na kesi za wizi wa farasi. Mnamo Oktoba 1878, yeye na wenzake walikabiliana na polisi waliokuwa wakiwasaka karibu na kijito cha Stringybark, na maafisa watatu wakauawa. Baada ya hapo bunge la koloni lilipitisha sheria iliyowatoa kabisa katika himaya ya sheria: raia yeyote aliweza kuwapiga risasi bila kuwaonya. Zawadi ya kuwakamata ilipanda hadi pauni 8,000.

Wakaiba katika benki mbili, moja mjini Euroa na nyingine Jerilderie, na huko Jerilderie Kelly akaacha barua ya maneno yapatayo 8,000 ya kujitetea. Mwezi Juni 1880 walizingirwa katika hoteli ya Glenrowan. Kelly alitoka amevaa deraya ya kilo 44 hivi, iliyofuliwa kutokana na vyuma vya plau. Deraya ilikinga kifua na kichwa, si miguu, na polisi wakampiga miguuni. Alinyongwa Melbourne tarehe 11 Novemba 1880.

Sinema ilitengenezwa miaka 26 tu baadaye. Yaani miongoni mwa waliolipa kiingilio walikuwamo watu waliomkumbuka Kelly akiwa hai.

Utepe unaojila wenyewe

Tepe za sinema za zama zile zilitengenezwa kwa naitreti, kemikali iliyo jamaa ya baruti. Hushika moto upesi, na hata zisipoungua huoza polepole: picha hufifia, utepe hunata, mwishowe hugeuka vumbi. Joto huharakisha maangamizi hayo. Kwa mji kama Lodwar, ambako nyuzi 35 za Selsiasi ni jambo la kawaida mchana, utepe wa aina hiyo usingetarajiwa kudumu.

Hata Australia haukudumu. Kwa miongo kadhaa kilichojulikana kuwapo ni picha chache za mnato na kijitabu cha maelezo kilichouzwa kwa watazamaji. Mwaka 1976 vikapatikana vipande vifupi mno mjini Adelaide. Mwaka 1978 vikaonekana vingine katika mali ya mtu aliyewahi kuonyesha sinema, na mwaka 1980 vingine vikaokotwa jalalani. Kipande kirefu kuliko vyote kiligunduliwa katika hifadhi ya filamu nchini Uingereza, na mnamo 2006 Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia ikaviunga vyote pamoja na kuvisafisha kwa kompyuta. Ajabu ya jalala! Kilichotupwa kama taka leo kimo katika orodha moja na nyaraka adhimu za dunia.

Mtazamaji wa leo asitarajie mtiririko. Kamera imesimama mahali pamoja kama mtu aliyekita mkuki wake ardhini. Haimsogelei mhusika, haigeuki. Watu wanaonekana wazima, kutoka kofia hadi viatu, kwa hiyo nyuso hazisomeki vizuri. Katika kipande kirefu, genge linawateka watu katika shamba la Younghusband, tukio lililotangulia wizi wa benki ya Euroa. Ukikosa kukijua kisa, ni vigumu kutambua nani mtekaji na nani mtekwa, kwani wote ni wanaume wenye kofia katika uwanja mkavu.

Kisha linakuja pambano la mwisho. Kelly anajitokeza na deraya yake, polisi wanafyatua risasi, moshi unatanda, na papo hapo utepe uliooza unajaza skrini mabaka meupe na meusi yanayochemka kama maji chunguni. Mhusika anaonekana, anamezwa, anaonekana tena. Wako wanaolalamikia uharibifu huo. Mimi naona hakuna sehemu inayokamata macho kuishinda hiyo, ingawa hakuna msanii aliyeikusudia.

Msimulizi kando ya skrini

Huitwa sinema bubu, lakini ukumbini hapakuwa na ububu. Kando ya skrini alisimama msimulizi aliyewaeleza watu wanachokiona. Nyuma yake walikuwapo waliogonga vifuu vya nazi kuiga kwato za farasi na kulipua baruti kuiga bunduki. Sinema ilikuwa nusu utepe na nusu mtu.

Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Aliyewahi kuingia katika ukumbi wa video nchini Kenya anamjua DJ Afro, ambaye huichukua filamu ya Hong Kong au ya Marekani, akawapa wahusika majina mapya na kuisimulia upya kwa Kiswahili na lugha ya mtaani. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kampala inaye VJ Jingo. Wataalamu wa Ulaya wanapoandika kwamba sanaa ya msimulizi wa sinema ilikufa filamu zilipopata sauti, ni dhahiri hawajawahi kukaa kwenye benchi la mbao katika vibanda vyetu.

Kakuma nako kuna mazoea ya kutazama kwa pamoja. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi, wengi wao vijana waliokimbia vita vya Sudan. Tangu 2001, shirika la FilmAid limekuwa likiwaonyesha wakazi filamu usiku, nje, kwenye skrini kubwa. Umati wa aina hiyo huwa na lugha nyingi, na lazima pawepo mtu wa kumnong'onezea jirani yake kinachoendelea.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Vipande vya Kelly havisemi nani ana haki. Mtu aliyesimama kando ya skrini ndiye aliyesema. Akitaka, Kelly alikuwa mnyonge aliyeonewa na polisi. Akitaka, alikuwa muuaji. Wenye mamlaka waliitambua nguvu hiyo mapema. Mwaka 1907 filamu ilizuiwa katika miji ya Benalla na Wangaratta, iliyo katika eneo alikotamba Kelly. Mwaka huohuo, wavulana watano wa Ballarat waliokuwa wameiona walivunja studio ya picha ili waibe pesa, kisha wakawatisha watoto wa shule kwa bunduki. Kufikia 1912 majimbo ya South Australia, Victoria na New South Wales yalikuwa yamepiga marufuku sinema za majangili.

Turkana inajua vyema jinsi jina la mhalifu linavyotolewa na kuondolewa. Mwaka 1918, wakati Kelly alikuwa tayari shujaa wa sinema, serikali ya kikoloni iliwatuma wanajeshi wa KAR, pamoja na wa Sudan, kuwaadhibu Waturkana na kuwapora mifugo; jamii nzima ilihesabiwa kuwa genge. Baadaye, kuanzia 1959 hadi 1961, Jomo Kenyatta aliwekwa kizuizini mjini Lodwar baada ya kutumikia kifungo Lokitaung. Akiwa hapo, mwaka 1960, Gavana Patrick Renison alimwita kiongozi wa giza na mauti. Miaka mitatu baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Mau Mau, kwa upande wao, walibaki kundi haramu katika vitabu vya sheria vya Kenya hadi 2003.

Hata hivyo, mtu asije akadhani kila jangili ni mpigania uhuru aliyekosa msimulizi mwema. Mnamo Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 wa usalama waliuawa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Ni kisa cha Stringybark kilichozidishwa zaidi ya mara kumi, na mayatima wake ni vijana sasa. Februari 2023, serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo. Anayemsifu mvamizi kando ya moto wa jioni na anayemlaani kwenye kikao cha usalama huenda wanamzungumzia kijana mmoja. Kwa mama aliyenyang'anywa mbuzi wote, hakuna deraya inayopendeza.

Suala la kuhifadhi nalo halipo mbali nasi. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema za mafunzo uliokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha Kenya, Uganda na kwingineko Afrika Mashariki na ya Kati. Zilikuwa picha bubu zilizoambatana na sauti za santuri. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo zimo Uingereza.

Turkana ilipata bahati tofauti. Mwaka 1974 David na Judith MacDougall, waliohamia baadaye Australia, nchi ileile ya Kelly, walipiga filamu miongoni mwa Waturkana. Zikatoka filamu tatu, mojawapo ikiwa Lorang's Way ya mwaka 1979, inayomhusu mzee aliyewahi kuwa mwanajeshi wa KAR kabla ya kurejea kwenye ufugaji. Hakuna msimulizi anayesimama kando na kumweleza mtazamaji mzee huyu ni mtu wa namna gani. Lorang anazungumza mwenyewe, kwa Kiturkana, na tafsiri inapita chini ya picha. Filamu hiyo ingali nzima.